Kutoka Fossoli hadi Torino: siku tano za kumsoma Primo Levi kwa sauti

Nimerejea Napoli, nimepanga picha zangu na kuyasoma upya maandishi ya daftari langu dogo, mengine yakiwa yameandikwa ndani ya treni kwa mkono uliokuwa ukitikisika. Naiandika safari hii siku kwa siku, pamoja na gharama zake, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Italia au watakaopita huku na kutaka kuifuata njia hiyo.

Ijumaa, 25 Januari 2019: Napoli hadi Carpi

Mwezi Desemba mkalimani mwenzangu wa Torino alinipigia simu. Wakazi wa mtaa wa San Salvario walikuwa wakiandaa usomaji wa hadhara wa kitabu *Se questo è un uomo*, ambacho jina lake kwa Kiswahili naliweka kuwa *Ikiwa Huyu ni Mtu*. Kitabu kingesomwa kizima, kuanzia dibaji hadi ukurasa wa mwisho, kwa kupokezana. Mwandishi wake, Primo Levi, alikuwa mkemia Myahudi wa Torino aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tarehe 31 Julai mwaka huo wa 2019 ingetimia miaka 100 tangu azaliwe. Wakazi wenye asili ya nchi nyingine waliombwa wasome kurasa kadhaa kwa lugha zao, na Kiswahili kilikuwa bado hakijapata msomaji. Nilikubali kabla simu haijakatika, kisha nikakaa wiki tano na kurasa mbili tu nikizitafsiri, nikizifuta na kuzitafsiri tena.

Niliamua nisiende Torino moja kwa moja, bali nianzie Fossoli, karibu na mji wa Carpi, mahali ambapo Levi alitolewa kupelekwa Auschwitz kwa treni tarehe 22 Februari 1944, na nimalizie katika mji alikozaliwa na ambako alirejea tarehe 19 Oktoba 1945.

Treni ya mwendokasi kutoka Napoli hadi Bologna ilinigharimu euro 39.90 kwa kuwa nilikata tiketi mapema. Ilisimama shambani dakika 70 bila maelezo yoyote, na treni niliyopaswa kuidaka Bologna ikaniacha. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alitoa machenza mfukoni, akayamenya yote na kutugawia sisi wanne wa meza ile, kila mtu vipande vyake, kama tuliofahamiana siku nyingi. Niliingia Carpi saa mbili usiku, nikiwa nimebadilisha treni Bologna na Modena. Chumba kilikuwa euro 45 pamoja na kifungua kinywa.

Kwa watakaofuata: tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri katika kimashine cha kituoni kabla ya kupanda. Asiyejua hutozwa faini, na kutojua hakumwokoi.

Jumamosi, 26 Januari: majina ukutani

Jumba la makumbusho ya waliopelekwa makambini limo ndani ya kasri la kale la ukoo wa Pio, katikati ya mji wa Carpi. Lilifunguliwa mwaka 1973, na mmoja wa wasanifu wake, Lodovico Belgiojoso, alikuwa mwenyewe ametoka hai katika kambi ya Gusen, tawi la kambi ya Mauthausen huko Austria. Nadhani ndiyo maana vyumba vyake havina vitu vingi. Kuta zimechongwa maneno yaliyotolewa katika barua za mwisho za watu waliohukumiwa kifo, na katika makabati ya kioo kuna vitu vichache tu vya makambini. Mgeni hawezi kukimbia akapiga picha na kuondoka, kwa maana maandishi yenyewe yanamlazimisha asimame asome.

Chumba cha mwisho kimeandikwa majina kuanzia kuta hadi kwenye dari la matao, zaidi ya majina 14,000 ya watu waliopelekwa makambini kutoka Italia. Hakuna picha wala maelezo. Nilitafuta jina la Levi kwa muda mrefu, nikakuta kina Levi wengi, na shingo ikaniuma kwa kuinua kichwa. Baba mmoja aliyekuwa pale na kijana wake alikuwa akiyasoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, bila kuchagua, na kijana alimsubiri bila kulalamika. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wa Torino walitaka kitabu kisomwe kwa sauti. Jina lililoandikwa ukutani halijatamkwa na mtu mpaka apatikane wa kulitamka.

Uani kuna nguzo 16 za saruji zenye majina ya makambi. Nilizizunguka haraka kwa sababu ya baridi.

Chakula cha mchana kilikuwa tortelli za malenge, tambi zilizojazwa malenge matamu na kumiminiwa siagi, kwa euro 11. Mhudumu alileta pia kikapu cha mikate ya kukaanga iliyovimba ambayo kwa macho ni mandazi kabisa. Waislamu wenzangu waulize kwanza, kwani kwa desturi ya huku mikate hiyo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nilipouliza, mhudumu aliiondoa kwa upole na kuniletea mkate wa tanuri bila kunitoza.

Jumapili, 27 Januari: Fossoli, kisha Milano

Tarehe hii ndiyo Siku ya Kumbukumbu nchini Italia kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2000, kwa kuwa ndiyo siku ambayo jeshi la Kisovieti liliingia Auschwitz mwaka 1945. Kambi ya Fossoli iko kama kilomita sita kutoka Carpi, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili sikupata basi. Nilikuwa nimeanza kutembea kando ya barabara, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba miti ya shambani ilionekana mmoja mmoja tu, pale gari dogo jekundu liliposimama na mama wa makamo ya miaka 70 akafungua mlango na kuniuliza kama naenda kambini. Nilipojibu ndiyo, alisema naye anakwenda huko, na kwamba pale palikuwa nyumbani kwao.

Sikumwelewa hadi tulipofika. Kambi ilijengwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Uingereza na washirika wake waliotekwa Afrika Kaskazini. Desemba 1943 serikali ya Mussolini iliyokuwa chini ya Wajerumani iligeuza sehemu yake kuwa kambi ya Wayahudi, na miezi michache baadaye SS, kikosi cha Wanazi wa Kijerumani, wakaishika wenyewe na kuifanya kituo cha kupitishia watu kuelekea makambi ya kaskazini. Watu wapatao 5,000 walipita hapo, karibu nusu yao wakiwa Wayahudi. Baada ya vita mabanda yaleyale yalikaliwa na watoto yatima wa jumuiya moja ya kidini, na kuanzia mwaka 1954 wakaishi humo wakimbizi wa Kiitalia waliotoka Istria na Dalmatia, maeneo yaliyoingia Yugoslavia baada ya vita, hadi mwaka 1970. Mama huyu alikuwa mtoto wa wakimbizi hao. Alikulia kati ya mabanda ambayo wazazi wake hawakumweleza yalikuwa ya nini.

Mengi yameporomoka, na tetemeko la mwaka 2012 liliongeza uharibifu. Banda moja limejengwa upya ili wageni waone umbo lake, na mengine ni kuta za matofali zilizoshikiliwa kwa nguzo za chuma, miti ikiwa imeota ndani. Mama alinipeleka hadi kwenye uzio wa banda lao na kunionyesha msumari uliopinda, wenye kutu, uliobaki katika fremu ya dirisha. Alisema mama yake alikuwa akifunga hapo kamba ya kuanikia nguo. Nilikaa kimya, kwa sababu katika sura ya kwanza ya kitabu Levi anaeleza usiku wa mwisho wa Fossoli, jinsi kina mama walivyokesha wakiandaa chakula cha njiani, wakiwaogesha watoto na kufunga mizigo, na kulipopambazuka nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa juu ya seng'enge ili upepo uzikaushe. Anaeleza pia familia kubwa ya maseremala kutoka Tripoli, nchini Libya, waliomaliza kazi zao mapema, wakaketi chini kwa duara na kuomboleza kwa mila zao usiku kucha, na watu wa mabanda mengine wakaja kusimama mlangoni mwao. Nilimsomea mama sehemu hiyo kutoka kwenye nakala yangu, tukiwa tumesimama mbele ya msumari ule. Aliniambia aliwahi kuisoma shuleni lakini hakuwahi kuisikia akiwa hapa.

Asubuhi iliyofuata usiku ule watu 650 walipakiwa katika mabehewa 12 katika kituo cha Carpi, kituo kilekile nilichoshukia Ijumaa nikilalamikia kuchelewa. Walipofika Auschwitz, wanaume 96 na wanawake 29 tu ndio walioandikishwa kambini, na wengine wote waliuawa siku chache zilizofuata. Katika behewa la Levi walikuwamo watu 45, wakarudi makwao wanne, naye anasema lilikuwa ndilo behewa lililobahatika kuliko yote.

Mama alinirudisha kituoni na akakataa kabisa hela ya mafuta. Kambi haifunguliwi kila siku, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda, na uvae viatu vya matope.

Milano nilifika saa kumi na nusu jioni, nikashuka katika kituo kikuu na kuzunguka ubavuni hadi kwenye Ukumbusho wa Maangamizi ya Wayahudi, ulioko chini ya reli zilezile ambazo abiria wanazitumia juu. Mahali hapo palitumika kupakilia barua katika mabehewa, ambayo yaliinuliwa kwa lifti hadi kwenye majukwaa ya juu. Kwa lifti hiyohiyo walipandishwa Wayahudi, gizani, bila mji kuwaona. Foleni ya kuingia ilichukua dakika 50. Ukutani mlangoni pamechongwa neno moja kubwa, INDIFFERENZA, lililochaguliwa na Liliana Segre, aliyepelekwa kutoka hapo tarehe 30 Januari 1944 akiwa na miaka 13. Kazi yangu ni ukalimani, na nilijikuta nikilitafsiri papo hapo: kutojali. Kwa Kiswahili neno hilo linaanza na ku- ya kitenzi, kwa hiyo linabaki kuwa tendo ambalo mtu analifanya. Mlinzi mmoja alinieleza kwamba mwaka 2015 wakimbizi, wengi wao wakiwa Waeritrea na Wasudani, walilazwa usiku ndani ya ukumbusho huo, kwa sababu walikuwa wakilala nje ya kituo.

Treni ya mkoa hadi Torino, euro 12 na senti, mwendo wa karibu saa mbili.

Jumatatu, 28 Januari: siku ya kusoma

Mwenyeji wangu Torino alikuwa dada wa Mombasa anayeishi San Salvario miaka mingi. Nilifika kwake Jumapili ileile saa tano usiku.

"Karibu dada, pole na safari. Viatu acha hapo hapo, chai i tayari."

"Nishapoa, dada. Shikamoo zangu kwa mama pia," nilisema, kwa kuwa mama yake alikuwa kwenye simu ya video akinisubiri anisalimie.

Asubuhi nilimsomea tafsiri yangu mezani. Kurasa nilizopewa ni za sura ya tatu, zenye ugawaji wa mkate wa alfajiri. Kambini humo lugha zilichanganyika hata mkate wenyewe Levi anautaja kwa lugha saba mfululizo, kwa pumzi moja: *pane, Brot, Broit, chleb, pain, lechem, kenyér*. Mimi ni mtu wa Tanga, na katika rasimu niliongeza mwishoni neno la kwetu, boflo. Dada aliweka kikombe chini.

"Boflo ni la chai, dada. Boflo mtu hutumwa dukani akanunua, akarudi na chenji. Huo ni mkate. Sema mkate."

Alikuwa na haki, nikafuta. Kisha tukafika penye neno la Kijerumani *Häftling*, ambalo Levi analiacha kama lilivyo. Nilikuwa nimeandika mfungwa. Aliniuliza, mfungwa alikosa nini, alihukumiwa na nani? Nilimwambia nilijaribu pia mahabusu, lakini mahabusu anangoja kesi, na hawa hawakuwa na kesi ya kungoja. Mwishowe tukakubaliana na mateka. Halikuniridhisha kabisa, kwani mateka kwa kawaida hutekwa vitani au huzuiliwa ili atolewe kwa fidia, lakini angalau halimbebeshi hatia. Neno kambi nalo lilinisumbua wiki zote tano. Sisi tuna kambi ya jeshi, kambi ya wavuvi, kambi ya wanafunzi wakati wa likizo, na sikutaka msikilizaji mwenye Kiswahili afikirie hema na moto. Niliandika kambi ya mateso, ingawa Levi mwenyewe hutumia neno moja tu, *Lager*, bila kulipamba.

Usomaji ulianza saa nane mchana katika ukumbi wa mtaa, hatua chache kutoka sinagogi la mwaka 1884 lenye minara minne, ambalo uwanja wake mdogo sasa unaitwa kwa jina la Primo Levi. Kulikuwa na viti kama themanini, na vilijaa. Hapakuwa na jukwaa. Meza moja, taa moja, gilasi ya maji, na daftari la majina ya wasomaji. Mzee aliyefungua alieleza kwa kifupi maisha ya Levi: kijana aliyehitimu kemia kwa daraja la juu kabisa mwaka 1941, cheti chake kikiwa kimeandikwa kwamba ni wa asili ya Kiyahudi, kwa sababu ya sheria za kibaguzi za mwaka 1938; aliyekamatwa pamoja na wapiganaji wenzake katika milima ya Valle d'Aosta tarehe 13 Desemba 1943; aliyerudi na kuandika kitabu ambacho wachapishaji wakubwa walikikataa. Kilitoka mwaka 1947 kwa nakala 2,500, na 600 kati ya zile ambazo hazikununuliwa zilizama ghalani Firenze katika mafuriko ya mwaka 1966. Mzee alifunga daftari, akawasha taa, na msichana wa sekondari akaanza dibaji.

Sheria ya siku hiyo ilikuwa kwamba hakuna kupiga makofi. Msomaji akimaliza anataja namba ya ukurasa, anainuka, na anayefuata anaketi katika kiti ambacho bado kina joto. Alisoma mwokaji mikate, akasoma daktari, akasoma kijana wa Kiromania kwa lugha yake, na mama wa Kimoroko kwa Kiarabu, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Nilipoitwa ilikuwa yapata saa tisa na nusu. Niliona watu wengi wamefungua nakala zao na kufuata Kiitaliano huku masikio yao yakiwa kwangu, ijapokuwa hawakuelewa neno hata moja.

Nilisoma jinsi kipande kile cha kijivu kinavyoonekana kikubwa mkononi mwa jirani na kidogo mkononi mwako mwenyewe. Nikafika kwenye mkate. Nikataja majina yale saba, moja moja, kisha la nane, mkate. Hapo bibi mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa amefumba macho muda wote, alirudia kwa mdomo bila sauti: mka-te. Nilimwona vizuri sana, na nilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Saa kumi na mbili tulipumzika nusu saa. Akina mama wa mtaa walileta supu ya maharage katika masufuria makubwa, bure, na mtu aliyeketi nami alinisimulia habari za Lorenzo Perrone, fundi mwashi wa Fossano, kusini mwa Torino, aliyefanya kazi ya kibarua huru karibu na kambi ya Monowitz, tawi la Auschwitz alikozuiliwa Levi, na ambaye kwa miezi sita alimletea Levi kila siku supu aliyoibakiza, akampa fulana yenye viraka na kumwandikia postikadi nyumbani. Hakutaka malipo yoyote. Levi aliwapa watoto wake wawili majina yanayotokana na la Lorenzo. Nilimaliza supu yangu hadi tone la mwisho.

Sura niliyoisubiri zaidi ilisomwa usiku: Levi na kijana Mfaransa wakienda kuchukua pipa la supu, naye akijaribu kukumbuka na kumtafsiria njiani mistari ya Dante, mshairi wa kale wa Kiitalia, akisahau, akikwama, akiwa radhi kuacha supu ya siku hiyo apate kukumbuka mistari iliyompotea. Waliisoma wanafunzi wawili kwa kupokezana. Ukurasa wa mwisho ulisomwa saa nne na dakika ishirini. Watu walikaa kimya, kisha wakaanza kukunja viti.

Kwa watakaotaka kuandaa usomaji kama huu: kitabu kizima kinahitaji karibu saa nane pamoja na mapumziko, na kila msomaji asipewe zaidi ya kurasa tatu. Sauti huchoka, na maneno haya hayastahili kusomwa na sauti iliyochoka.

Jumanne, 29 Januari: Corso Re Umberto na makaburini

Nyumba namba 75 ya Corso Re Umberto ndiyo alikozaliwa Levi, alikoishi karibu maisha yake yote isipokuwa miaka ya vita, akiwa mkemia wa kiwanda cha rangi huko Settimo kwa karibu miaka 30, na humo ndani ya ngazi alianguka akafa tarehe 11 Aprili 1987. Ni makazi ya watu. Nilisimama upande wa pili wa barabara dakika chache, wala sikupiga kengele, na nawaomba wengine wasipige.

Makaburi makuu ya Torino yana sehemu ya Wayahudi. Ifahamike kwamba haifunguliwi Jumamosi, na wanaume hutakiwa kufunika kichwa. Mtunza bustani mmoja aliacha toroli lake na kutembea nami hadi kwenye kaburi, kwani peke yangu nisingeliona: bamba la kawaida kabisa, lenye jina, miaka 1919 na 1987, na namba 174517, ambayo Wajerumani walimchanja mkononi. Juu yake palikuwa na vijiwe vingi vilivyowekwa na wageni, kwa desturi ya Wayahudi. Nilikuwa nimeokota kimoja Fossoli, kando ya uzio wa mabanda, nikakiweka.

Kurasa zangu mbili nilikuwa nazo mfukoni. Nilizisoma tena kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, tangu mwanzo. Nyuma yangu mtunza bustani alikuwa ameshashika mikono ya toroli lake lakini hakulisukuma, kwa kuwa gurudumu lilikuwa likipiga kelele. Alingoja hadi nilipokunja karatasi.